Nikimpiga risasi aliyeruka ukuta wangu, sheria itanitazamaje?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi na ninaishi Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Nilipata leseni ya bastola baada ya duka langu kuvunjwa. Wiki chache zilizopita, kama saa nane usiku, nilisikia mtu akitikisa geti, kisha akaruka ukuta. Nilitoka nimeikoki bastola, nikamwelekezea, kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Kumbe ni kijana wa jirani yangu, amelewa, amekosea nyumba. Sikufyatua, lakini tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Baba yake, ambaye tuna mgogoro naye wa mpaka wa kiwanja, anatangaza mtaani kwamba nilitaka kumuua mwanawe kwa ajili ya ardhi. Rafiki zangu nao wananiambia ningefyatua tu, kwa kuwa mtu akishaingia ndani ya uzio wako sheria iko upande wako, na akifia nje unamvuta ndani. Je, ni kweli? Na huyo mzee akinijia kwa matusi na vitisho, nina haki gani?

JIBU LA WAKILI: Ndugu yangu, nianze na hayo uliyoambiwa na rafiki zako, kwa sababu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko mengine yote uliyoyaeleza: si kweli. Hakuna kifungu katika sheria za Tanzania kinachosema kwamba mtu akivuka ukuta wako maisha yake yako mikononi mwako, na hakuna wakili mwenye akili timamu atakayekushauri umvute maiti kutoka nje kumwingiza ndani. Nitalirudia hili la kuvuta maiti baadaye, kwa kuwa nimelisikia kwenye vibaraza vya Ngamiani hadi mashambani Muheza, likisemwa kwa uhakika kana kwamba limesomwa kwenye gazeti la Serikali.

Kinachosemwa na sheria ni hiki. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu ambavyo kwa miaka mingi vimejulikana kama 18A, 18B na 18C, na ambavyo viliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1980, inampa kila mtu haki ya kujilinda yeye mwenyewe, kumlinda mtu mwingine, na kulinda mali, iwe yake, iwe iliyo chini ya uangalizi wake, au hata ya mtu mwingine, dhidi ya shambulio au uporaji usio halali. Kwa hiyo wale wanaolalamika kwamba sheria yetu inawalinda wezi na kuwaacha wenye mali hawajaisoma. Haki ipo, na ni pana. Lakini kifungu kinachofuata kinaiwekea mpaka: unaruhusiwa kutumia nguvu ya kadiri tu, ile iliyo ya lazima kwa kujilinda huko, na ukizidisha utawajibika kwa kosa lolote lililotokana na ziada hiyo. Nguvu iliyozidi ikisababisha kifo, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Ni lini basi haki ya kujilinda inafika hadi kutoa uhai? Hapo ndipo kifungu cha 18C kinapoingia, nacho kinataka mambo kadhaa yawepo kwa pamoja. Aliyefyatua awe ametenda kwa nia njema. Awe aliamini kweli kwamba bila kufanya vile maisha au viungo vyake, au vya mtu mwingine, au mali, visingenusurika. Na imani hiyo iwe na sababu za msingi, si hisia peke yake. Juu ya hayo, tendo analolizuia liwe la aina zilizotajwa: linalotia hofu ya haki ya kifo au jeraha kubwa, ubakaji, utekaji, au uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi, uchomaji moto na makosa mengine yanayohatarisha maisha au mali. Wengi huishia kusoma neno "mali" mwishoni mwa orodha hiyo, wakafurahi, wakafunga kitabu. Wanasahau kwamba maneno ya mwanzo, yaani nia njema, imani ya kweli, sababu za msingi na ulazima, yanatawala kila kilichomo kwenye orodha, na kwamba kile kifungu cha nguvu ya kadiri hakijaenda popote.

Sasa tuuchukue usiku ule wako tuuweke mbele ya mahakama, tuseme risasi ilitoka na kijana akafariki. Wewe usingekosa la kusema. Ilikuwa saa nane za usiku, mtu ameruka ukuta bila kubisha hodi, nawe uliwahi kuvunjiwa duka. Hizo ni sababu ambazo mtu yeyote wa kawaida angeziona za msingi za kuogopa. Tena sheria yetu inamwondolea hatia mtu aliyetenda kwa kuamini jambo ambalo si kweli, mradi kosa lake la kuamini lilikuwa la dhati na la kuridhisha. Lakini wakili wa Serikali angesimama na maswali yake. Je, kijana alikuwa na kitu mkononi? Alikuwa anakuja kwako au anayumba palepale ukutani? Ulimwuliza ni nani? Kulikuwa na taa? Tuseme familia yako ilikuwa ndani, mlango umefungwa. Kwa nini ulitoka? Sheria haina kifungu kinachokulazimisha kukimbia ukiwa kwako, lakini inauliza kama kufyatua kulikuwa kwa lazima, na mtu aliye nyuma ya mlango uliofungwa, mwenye simu mkononi, atapata taabu kueleza kwa nini njia iliyobaki ilikuwa moja tu. Kwa maelezo uliyonipa, ambayo hayataji silaha wala kukushambulia, naona ungepata shida kubwa kukwepa angalau hatia ya kuua bila kukusudia. Ni kweli kwamba mzigo wa kuthibitisha ungekuwa wa upande wa mashtaka, nao wangetakiwa kuondoa shaka yote ya maana; wewe ungehitaji tu kuiamsha shaka hiyo. Ila ungekuwa unaiamsha ukiwa mahabusu, kwa sababu shtaka la kuua kwa kukusudia halina dhamana. Kesi ingeanzia mahakama ya chini, isubiri upelelezi ukamilike, kisha ipelekwe Mahakama Kuu hapa Tanga, na katika kipindi chote hicho anwani yako ingekuwa Gereza la Maweni, duka likiendeshwa na shemeji.

Hofu yenyewe, hata ikiwa ya kweli kabisa, haitoshi. Kesi ambayo wasomaji wengi wa Afrika wanaikumbuka ni ya mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, ambaye usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013 alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa nyumbani kwake, akamuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alijitetea kwamba alidhani ni mvamizi. Mwaka 2014 alitiwa hatiani kwa kosa dogo zaidi, lakini Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufani ya nchi hiyo ilibadilisha hukumu kuwa ya mauaji. Hoja iliyombana ni kwamba haikuwa lazima ajue aliyekuwa ndani ni nani. Aliyefyatua risasi nne kwenye chumba kidogo namna ile, mahakama ilisema, alitambua kwamba yeyote aliyemo anaweza kufa, akaendelea. Na hakuwa ameona tishio lolote, mlango haukuwa umefunguka. Sheria yao si yetu, lakini swali lile lile la "uliona nini?" ndilo litakaloulizwa katika chumba cha mahakama cha Tanga.

Marekani, ambako wengi wetu tunajifunzia mambo haya kwenye video za mtandaoni, mambo nayo si mepesi kama yanavyoonekana. Ni kweli kwamba jimbo la Florida lilipitisha sheria mwaka 2005 inayomwondolea mtu wajibu wa kurudi nyuma mahali popote alipo kihalali, na majimbo mengine mengi yakafuata. Hata hivyo, katika mji wa Clearwater, Florida, mwezi Julai 2018, mtu aliyesukumwa akaanguka katika ugomvi wa maegesho ya walemavu alichomoa bastola, akampiga risasi aliyemsukuma. Kamera ya duka ilionyesha kwamba yule aliyesukuma, alipoiona bastola, alikuwa ameanza kurudi nyuma. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani mwaka 2019, naye akafungwa miaka 20. Na huko Kansas City, Aprili 2023, kijana wa miaka 16 aliyetumwa kuwachukua wadogo zake alibonyeza kengele ya nyumba isiyokuwa yenyewe, na mwenye nyumba, mzee wa zaidi ya miaka 80, akampiga risasi kupitia mlango. Kijana alipona, mzee akashtakiwa, na baadaye akakiri kosa la shambulio. Wasifu wa kisa hicho unakaribia mno ule wako: usiku, mgeni asiyetarajiwa, nyumba iliyokosewa.

Kisa cha Clearwater kinatupa jambo ambalo ningependa kila mwenye leseni hapa kwetu alijue kuliko namba ya kifungu chochote. Haki ya kujilinda inaishi pamoja na hatari, na hatari ikiisha nayo inaisha pale pale, hata kama imepita nukta mbili tu. Mwizi aliyekuwa anakujia na panga ni mtu mmoja kisheria. Mwizi huyohuyo akilitupa panga na kugeuka kukimbilia ukuta ni mwingine. Ukimpiga risasi ya mgongoni akiwa anaupanda ukuta kutoka, hujilindi tena, unalipiza kisasi. Anayekimbia unaruhusiwa kumkamata, maana sheria ya mwenendo wa mashtaka inampa raia mamlaka ya kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele yake na kumkabidhi polisi bila kuchelewa, lakini nguvu ya kumkamata nayo ina kadiri yake. Aliyekwisha kukamatwa, amekaa chini, amezungukwa na watu wanaopiga kelele za mwizi, akiuawa hapo hayo ni mauaji, na aliyefyatua hatapata mlango wa kutokea katika 18C.

Nirudi sasa kwenye kuvuta maiti. Wanaotoa ushauri huo hudhani mpelelezi atakuja, atazame mwili uko sebuleni, aandike ripoti, aondoke. Fikiri mwenyewe kinachobaki nyuma. Damu hudondoka njiani, hujipenyeza kwenye nyufa za saruji na chini ya kizingiti, na ukiosha kwa ndoo ya maji na sabuni ya unga utaacha sehemu moja ya ukumbi safi kuliko ukumbi wote, jambo ambalo ni ushahidi wa aina yake. Ganda la risasi linaruka kando ya mtu aliyefyatua, si kando ya aliyepigwa, na likiokotwa bustanini huku mwili uko ndani, hadithi imeshavunjika. Daktari atakayefanya uchunguzi wa mwili ataeleza risasi ilipoingilia na ilipotokea, na kama nguo zina masizi ya baruti, ataweza kukadiria kama mlikuwa karibu karibu au mbali. Visigino vilivyoburuzwa huacha michirizi kwenye mchanga na kwenye viatu. Na jirani aliyesikia mlio mmoja, kisha kimya, kisha kitu kikiburuzwa, atakuja mahakamani kusema hivyo hivyo.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba kitendo hicho huua hata utetezi uliokuwa mzuri. Katika rufaa ya jinai Na. 150 ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo yanayotazamwa ili kujua kama muuaji alikuwa na dhamira ovu: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotamka kabla, wakati na baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada. Risasi katika kifua ina uzito wake tayari; ukiongeza mwenendo wa kuhamisha mwili na kubuni hadithi, umeipa mahakama sababu ya kuamini kwamba hata ile sehemu ya ukweli uliyosema ni uongo. Mtu aliyefyatua kwa haki ana faida moja kubwa, nayo ni kwamba mahali pa tukio panasema kama anavyosema yeye. Akipagusa, ameitupa.

Kwa hiyo, Mungu aepushie mbali, ikitokea: weka silaha chini mahali salama, usiguse kingine, piga simu polisi kwa 112, mwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, na kama aliyepigwa anapumua, mpelekeni hospitali ya Bombo haraka, huku mtu akienda kituoni kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Kumhudumia uliyempiga hakukutii hatiani. Polisi waambie jina lako, kwamba silaha ni yako na uliitumia kujilinda. Maelezo marefu yasubiri wakili wako.

Kuhusu huyo mzee na mgogoro wa mpaka, hapa ndugu yangu nakuomba usome polepole, kwa sababu naiona hatari kubwa zaidi hapa kuliko pale ukutani. Hofu walau ina kifungu kinachoisikiliza. Hasira ina dirisha dogo sana. Sheria inasema kwamba aliyeua kwa ghadhabu iliyosababishwa na kuchokozwa ghafla, kabla ya damu yake kupata muda wa kupoa, atahesabiwa ameua bila kukusudia badala ya kukusudia. Uchokozi huo lazima uwe kitendo kiovu au tusi ambalo mtu wa kawaida wa jamii yako, akitendewa yeye au ndugu yake wa karibu mbele ya macho yake, angepoteza uwezo wa kujizuia. Angalia vizuri: hata ukifaulu, hujaachiwa huru. Umeepuka hukumu ya kunyongwa, ambayo sheria yetu inaitaja kuwa ndiyo pekee kwa kuua kwa kukusudia, lakini kifungo bado kinakusubiri.

Na kwako wewe kufaulu kungekuwa kugumu. Mgogoro wenu una historia, mtaa mzima unaujua. Tusi la leo litaonekana ni nyongeza tu ya ugomvi wa zamani, si jambo la ghafla. Kama bastola imo kabatini, ukaingia ndani, ukafungua kufuli, ukatoka nayo, hiyo safari ya kwenda na kurudi kabatini ndiyo muda wa kupoa, na wakili wa Serikali ataihesabu hatua kwa hatua. Huko Jacksonville, Florida, Novemba 2012, mtu aliyekerwa na muziki wa vijana kwenye gari lililoegeshwa kando yake katika kituo cha mafuta aliishia kulimiminia gari hilo risasi kumi, akamuua kijana wa miaka 17. Alidai aliona bunduki dirishani, haikuonekana kamwe. Alifungwa maisha. Alianza na kero ya muziki, akaja kuivalisha joho la hofu baadaye, na hilo ndilo mahakama popote hulichunguza: je, hofu hii ilikuwepo kabla ya mlio, au imezaliwa kituo cha polisi?

Hata bila kufyatua, kumtolea jirani bastola katikati ya majibizano ni kosa. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayetishia kumpiga mtu risasi ili kumtia woga au kumkera, na pia anayefyatua risasi kwa nia ya kuwashtua watu, kwa hiyo ule mtindo wa kupiga moja hewani kumaliza ubishi haumalizi kitu isipokuwa leseni yako. Kusema ulikuwa umelewa nako, kwa kawaida, hakukusaidii. Umiliki wa silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni idhini ambayo Serikali inaweza kuiondoa, na mwenye ugomvi wa wazi na jirani anayemlalamikia polisi asishangae akiitwa.

Basi fanya haya, na uyafanye wiki hii. Nenda na wakili kituo cha polisi, ueleze tukio la usiku ule kabla mzee hajalieleza yeye kwa namna yake, na uombe liandikwe kwenye kitabu cha taarifa. Kijana mwenyewe akikubali kwamba aliruka ukuta akiwa amelewa, maelezo yake ni ya thamani. Weka taa ya nje inayomulika ukuta wote, ili siku nyingine umwone mtu kabla ya kumwogopa, na uwe na desturi ya kuuliza kwa sauti kutoka ndani, mlango ukiwa umefungwa. Bastola ikae chini ya kufuli, si chini ya mto. Mtu aliyezinduka usingizini huona kwa upenyo mwembamba na kusikia nusu, na vidole vyake hutangulia akili. Dakika ile ya kutafuta ufunguo humpa nafasi ya kuamka sawasawa.

Mpaka wa kiwanja upeleke kwenye Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, kazi yake ni kuwasuluhisha, na linapewa siku 30. Mkishindwana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako hati zako na ramani ya mpimaji vitazungumza kuliko sauti ya mtu yeyote. Katika kipindi chote hicho cha usuluhishi, mwombe mkuu wa kituo aihifadhi bastola yako na akupe risiti, kisha nakala ya risiti hiyo umwonyeshe mwenyekiti wa baraza siku ya kwanza mtakapokaa.